Mkuu, hiyo presha ya jicho 16 isikulaze usingizi

Simama hapo hapo. Usilipie hizo lenzi.

Umeandika kwamba una minasi 6 (yaani mbali huoni bila miwani), namba inapanda kila ukipima, jicho la kushoto lina kama ukungu kwa pembeni, na fundi wa duka la miwani kakupulizia ile mashine ya upepo ya kupima presha ya jicho, ikasoma 16, akasema glakoma (ule ugonjwa unaoua mshipa wa kuona) huna, ni ya wazee, badili lenzi tu. Nimesoma tumbo likanikata. Hiyo ni hadithi yangu mimi, sema yangu ilisoma 17.

Nilikuwa naendesha fuso ya viazi, Uyole hapa Mbeya kwenda Dar. Miaka minne nabadili miwani tu. Nikikosa kuona kitu, najiambia namba imepanda. Kwenye ubao wa herufi nasoma mpaka mstari wa chini, fundi ananisifia, "kaka una macho ya mwewe". Nyumbani nikawa naangusha vikombe vya chai vilivyo kushoto kwangu, nikamgombeza mama watoto kwamba anaviweka vibaya. Hilo hajanisamehe mpaka leo.

Halafu ikaja jioni ya Mafiati. Bajaji imetoka kushoto, nimeibamiza. Na usidhani niliona giza au doa jeusi upande ule. Niliona barabara tupu! Ubongo unajazia pale pasipoona, unakuchorea lami safi. Jicho la kulia lilikuwa linamfichia aibu mwenzake siku zote, ila kushoto kabisa pua inalizuia. Dereva wa bajaji alivunjika mguu, nikauza kiwanja kulipa. Mwewe gani huyo.

Hospitali ndipo daktari akanitia matone ya kupanua mboni, akachungulia nyuma ya jicho, akanyamaza. Akaniuliza, "Huku nyuma nani amewahi kukutazama?" Hakuna. Miaka minne, miwani minne, hakuna hata mmoja. Nikakalishwa mbele ya bakuli jeupe, nabonyeza kitufe kila nikiona kitaa kimewaka. Jicho la kushoto nilikuwa nasubiri vitaa, kumbe vinapita. Kilichobaki ni katundu ka katikati, kale kale nilikokuwa nasomea herufi za fundi. Na kilichokwenda hakirudi: si kwa matone, si kwa upasuaji, si kwa juisi ya karoti ya shemeji.

Alivyonieleza mimi nilielewa hivi: jicho la kawaida ni chungwa, letu wenye minasi kubwa limerefuka kama parachichi la Tukuyu. Kuta zimevutika, na pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo pamekuwa dhaifu. Wanasema presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini kuna watu wanaharibikiwa mshipa wakiwa humo humo ndani, na hatari inaongezeka kadiri minasi inavyokuwa kubwa. Si kila mwenye miwani atapata, sikutishi. Ila sisi watu weusi glakoma hutuwahi mapema kuliko Wazungu, kwa hiyo hilo la "ya wazee" mwambie akae nalo. Mimi nilikuwa na miaka 38.

Kibaya zaidi, mshipa wa jicho refu umekaa upandeupande, hata daktari anaweza kusita akiutazama mara moja. Ndiyo maana wanapima, wanatunza picha, wanakuita tena walinganishe.

Yule fundi nilimfuata dukani. Akaniambia yeye anapima miwani, hapimi magonjwa. Sasa "glakoma huna" aliitoa wapi? Kwenye risiti?

Na vile umesema unawaza kwenda kuchonga minasi kwa leza: leza inachonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho, jicho linabaki refu vilevile. Tena konea ikishakuwa nyembamba mashine inasoma presha chini kuliko ilivyo. Utapewa 12 ufurahi.

Nyuma ya jicho patazamwe kwa matone, na uwanda wa kuona (lile bakuli la vitaa) upimwe jicho moja moja. Bila hivyo viwili HUJAPIMWA glakoma, hata wakupulizie upepo wote wa Kitulo. Na kama una kaka au dada wa tumbo moja mwenye presha ya macho, mtaje kabla hujaulizwa. Ukipewa matone ya timolol na una pumu, sema.

Mimi sasa natia matone kila siku, jicho la kulia bado lipo, fuso anaendesha mdogo wangu, nauza viazi Mwanjelwa.

Ukienda nenda na mtu wa kukurudisha. Matone yale yanaacha mboni wazi, mwanga unakuchoma. Mimi nilienda peke yangu, nikakaa stendi ya Kabwe saa tatu nzima nimejifunika koti kichwani kama popo, makondakta wananiuliza kama nimeibiwa.