Maswali ya Wasomaji: Kipeo cha Kumi Kinapoleta Utata

Swali: Nimegawanya 1.496 × 10¹¹ kwa 2.998 × 10⁸ nikapata 0.499 × 10³. Mwalimu amekubali thamani lakini amenikata alama. Kosa liko wapi?

Jibu: Liko kwenye umbo. Katika uandishi wa kisayansi namba ya mbele huanzia 1 na haifiki 10, na hiyo 0.499 iko chini ya 1. Izidishe kwa 10 upate 4.99, kisha ulipe deni hilo kwa kupunguza kipeo (ile namba ndogo iliyo juu ya 10) kwa 1: 4.99 × 10². Ingekuwa 49.9 × 10, ungeigawanya kwa 10 na kuongeza kipeo kwa 1. Ukishika hilo, huna haja ya kukariri nukta inahamia kushoto au kulia. Wengi hukariri na siku ya mtihani wanageuza. Namba zako, kwa njia, ni umbali wa Jua kwa mita na kasi ya mwanga kwa mita kwa sekunde, kwa hiyo jibu ni sekunde 499: mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 19 hivi.

Swali: 0.00045 ina sifuri tatu baada ya nukta. Mbona kipeo ni −4, si −3?

Jibu: Usihesabu sifuri, hesabu hatua za nukta. Ili upate 4.5, nukta lazima ivuke sifuri zote tatu na ile 4 pia, jumla hatua nne. Kuhesabu sifuri kunapotosha hata kwa namba kubwa: 4,500,000 ina sifuri tano, lakini ni 4.5 × 10⁶.

Swali: Tungamo la Dunia ni 5.97 × 10²⁴ kg na la Mwezi 7.35 × 10²² kg. Nikijumlisha napata 13.32 × 10⁴⁶. Rafiki yangu anasema haiwezekani.

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi. Jua zima lina takriban 1.99 × 10³⁰ kg, na jibu lako linalipita mara nyingi mno. Umejumlisha vipeo, jambo linalofanywa wakati wa kuzidisha tu. Katika kujumlisha na kutoa, vipeo sharti kwanza vilingane, ndipo namba za mbele ziguswe.

Ni salama zaidi kuipandisha namba ndogo ifikie kipeo cha ile kubwa. Kutoka 22 hadi 24 ni hatua mbili, basi 7.35 igawanye kwa 100: 0.0735 × 10²⁴. Sasa 5.97 + 0.0735 = 6.0435, na kipeo kinabaki 24. Andika 6.04 × 10²⁴ kg, kwa kuwa tungamo la Dunia ulipewa kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta. Hizo 35 za mwisho hazina msingi.

Kutoa kuna mtego wake. 6.02 × 10²³ − 5.99 × 10²³ ni 0.03 × 10²³, yaani 3 × 10²¹. Ulianza na tarakimu tatu za kuaminika, umebaki na moja. Usiandike 3.00 × 10²¹ ili tu jibu lipendeze.

Swali: Natafuta protoni ni nzito mara ngapi kuliko elektroni: 1.673 × 10⁻²⁷ ÷ 9.109 × 10⁻³¹. Kikokotoo kinaleta 1.837 × 10⁻⁵⁹!

Jibu: Umebonyeza kila alama kama ilivyoandikwa, bila mabano. Kikokotoo kimegawanya kwa 9.109 peke yake, kisha kikazidisha kwa 10⁻³¹ badala ya kugawanya kwayo. Weka mabano kwenye kila namba, au tumia kitufe cha EXP (kwingine EE au ×10ˣ), ambacho huifunga namba na kipeo chake kuwa kitu kimoja: 1.673 EXP −27 ÷ 9.109 EXP −31.

EXP tayari imebeba "mara kumi", hivyo ukibonyeza × 10 kisha EXP, unazidisha kwa 10 ya ziada. Alama ya hasi ya kipeo nayo, kwenye vikokotoo vingi, ina kitufe chake, (−), tofauti na kile cha kutoa.

Kagua kwa mkono: −27 − (−31) = 4, na 1.673 ÷ 9.109 ni 0.1837. Jibu ni 1.837 × 10³. Vitabu husema 1,836; tofauti hiyo ndogo inatokana na kukadiria namba mlizoanzia.

Swali: Nikiingiza namba ndefu kwenye Excel inageuka 1.23457E+15. Nimeharibu?

Jibu: E+15 ni × 10¹⁵ tu, na kubadili mtindo wa seli uwe wa namba (Number) hurudisha tarakimu. Ila Excel hutunza tarakimu 15 pekee. Namba ya kadi au akaunti yenye tarakimu 16 itageuziwa ya mwisho kuwa sifuri, na hairudi. Weka seli kwenye mtindo wa maandishi kabla ya kuandika, si baada.