Barua kwa mwanangu: gunia, ujamaa na mlango wa babu yako

Mwanangu mpendwa,

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema kwenye semina yenu ya falsafa mlijadili ujamaa mkagawanyika: wengine wakataka maana ya neno ifungwe kwanza ndipo mjadala uanze, wengine wakasema maneno hukua pamoja na watu, yaachwe. Ukaniuliza mimi niko upande gani.

Nianze na gunia la viazi. Mwaka ule ulipokuwa darasa la sita tulipatana na mnunuzi bei ya gunia tukiwa bado tunachimba. Siku ya kupakia, vijana wake wakaja na vipande vya magunia makuukuu, wakaviunga mdomoni, wakashona kwa kamba ya katani, viazi vikapanda juu kama kichuguu. Nilipohoji akanijibu, "Mzee, sokoni gunia ndilo hili." Ndiyo lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Bei ilikuwa ile ile, neno lile lile, ila kilichomo ndani ya neno kilikuwa kimeongezwa baada ya kupeana mikono. Angesema mapema tungepatana bei nyingine, nami nisingekuwa na neno.

Kwa hiyo maana ikibadilika mimi sigombi. Nagomba inapobadilishwa kimya kimya, watu wameshakubaliana.

Sasa ujamaa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliueleza kuwa ni hali ya moyo na fikra. Azimio la Arusha la 1967 likasema ni imani, na mwaka huo huo, katika andiko lake Ujamaa Vijijini, akaandika kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe na watu wanaotaka wenyewe. Kisha Novemba 1973 ikaja amri: ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Babu yako alihamishwa 1974. Aling'oa mlango wa nyumba yake akaupakia kwenye lori, ndio ule ulioko stoo, wenye kovu la shoka karibu na bawaba. Hadi anafariki alikuwa akisema, "Ule haukuwa ujamaa. Jamaa hafukuzwi kwake."

Leo nasikia watetezi wa enzi ile wakisema hivyo hivyo: ule haukuwa ujamaa wa kweli. Maneno ni yale yale, lakini babu yako alishika maana waliyompa watawala wenyewe kabla ya lori kuja, akawadai nayo. Hawa watetezi wanaichonga upya baada ya hesabu kuletwa, ili deni lisiwafikie. Mtu akikuletea maana, muulize ilisemwa lini.

Hata hivyo, wenzako wanaotaka kufunga kila kitu wasimzibe mdomo mzee atakayewaambia, "Kwangu ujamaa ni lori." Huyo ameona kitu ambacho tafsiri yenu haikukibeba. Simamisheni mjadala, pataneni upya mbele ya wote. Halafu, na hapa ndipo wengi huteleza, rudini nyuma mkapitie yale yote mliyokwisha kuyakubali kwa maana ya zamani. Mengine hayatasimama tena.

Mama yako anakusalimu. Mbegu za viazi zimeshachipua, tutapanda wiki ijayo. Ukija Desemba tuutoe ule mlango stoo, nataka kuuweka kwenye chumba chako. Na uniambie mliishia wapi.

Baba yako