Viazi vya mimea ya majini vinapogoma kuchipua

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Juni nilinunua viazi vinne vya mimea ya kupamba tangi la samaki, nikavifukia vizuri ndani ya changarawe, lakini mpaka sasa hakuna hata kimoja kilichochipua. Tangi langu halina hita. Je, nivitupe?
Msomaji wako, Buruburu, Nairobi

JIBU: Usivitupe kabla ya kuvifukua na kuvibonyeza kimoja kimoja. Kiazi kilicho hai huwa kigumu, ilhali kilichooza hubonyea kati ya vidole, hutoa ute na kunuka. Hicho kiondoe leo hii, kwani kitachafua maji na kuwadhuru samaki. Utando mweupe mithili ya pamba ukiuona juu ya kiazi kigumu, usiogope. Usugue taratibu kwa kidole, kisha ukirudishe kiazi majini.

Ninayeshuku zaidi ni baridi. Viazi vya aina hii kwa kawaida huwa vya Aponogeton au vya yungiyungi, mimea ya nchi za joto ambayo huamka vyema katika maji ya nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Nairobi nayo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hadi nyuzi 12 hivi, kwa hiyo maji yasiyo na hita hupoa kupita kiasi, na kiazi, ambacho kwao hulala wakati wa kiangazi, huendelea kulala. Nunua hita, na kipimajoto pia, maana alama zilizo kwenye hita za bei nafuu mimi siziamini.

Kosa la pili ni kule kufukia. Kilaze kiazi juu ya changarawe, au kizamishe nusu tu, na sehemu yenye kijicho cha kuchipukia ibaki wazi. Kikielea siku za mwanzo kiache, kitazama chenyewe kikishiba maji. Mbolea bado haina kazi, kwa sababu kiazi kina akiba yake ya wanga.

Maji yakishapata joto, subiri wiki tatu au nne. Kikiwa bado kigumu na hakijachipua, kigeuze, kwani huenda umekiweka kichwa chini.