Ilani ya Uchaguzi na Ahadi Zisizotimizwa: Maswali ya Wasomaji

Je, mpiga kura anaweza kukishtaki chama kilichoipa kisogo ilani yake?

Kwa kawaida hafiki mbali. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa ombi la raia aliyedai kuwa serikali ilikuwa imefungwa na ahadi ya kuitisha kura ya maoni kuhusu mikataba ya Umoja wa Ulaya. Mahakama ilieleza kuwa ahadi ya namna hiyo ni suala la kisiasa, si la majaji.

Chama kikiingia katika serikali ya mseto, si kinalazimika kuacha baadhi ya ahadi?

Hulazimika, lakini kisingizio hiki hutumiwa kupita kiasi. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2010 nchini Uingereza, wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya ada za vyuo vikuu. Makubaliano ya mseto yaliwaruhusu wabunge wao wasipige kura kabisa katika suala hilo. Hata hivyo, mwezi Desemba mwaka huohuo mawaziri wa chama hicho waliunga mkono kupandisha kiwango cha juu cha ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 chama kilishuka kutoka wabunge 57 hadi 8. Ada haikuwa sababu pekee ya anguko hilo, lakini ni vigumu kumlaumu mshirika kwa kura ambayo hakukulazimisha kuipiga.

Je, vyama vyote ni waongo?

Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliochunguza ahadi zaidi ya 20,000 katika nchi 12, ulionyesha kuwa vyama vinavyotawala peke yake hutimiza ahadi nyingi zaidi kuliko vile vinavyogawana madaraka. Ieleweke tu kwamba zilihesabiwa ahadi zinazoweza kupimwa. Maneno kama “tutaboresha maisha” hayapimiki, na nadhani ndiyo maana wanasiasa huyapenda.

Nitaitambuaje mapema ahadi isiyotekelezeka?

Tafuta gharama yake na chanzo cha fedha. Uholanzi ina taasisi ya umma, CPB, ambayo tangu mwaka 1986 hukokotoa athari za kiuchumi za ilani za vyama vinavyokubali kukaguliwa. Mahali pasipo na taasisi ya aina hiyo, linganisha ilani na bajeti ya kwanza ya serikali mpya, kwa kuwa ahadi ya matumizi isiyotengewa fungu humo imekwisha kuahirishwa, hata kama hakuna aliyetangaza.