Masta silinda ya matundu mawili: paipu ipi iende wapi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Naifufua Corolla ya zamani hapa Mbagala. Nimefunga masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya gari jingine, ina matundu mawili. Mbele nina diski, nyuma dramu. Tundu lipi liende mbele? Na paipu ya shaba ya friji inafaa?

Jibu: Nianze na hilo la friji, maana ndilo linaloweza kuua. Usiitumie. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha hupita baa 70, na shaba tupu ikitikisika kila siku hukakamaa, ikapasuka pale pale mdomoni mwa paipu. Nunua paipu ya breki yenye kipenyo cha nje cha milimita 4.75, ya chuma au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa hewa yetu ya chumvi, chukua ya nikeli. Haishiki kutu, na inakunjika kwa mkono.

Kuhusu matundu, tazama vikopo vya mafuta. Kikubwa kwa kawaida ni cha diski, kwa sababu pedi zikilika, pistoni za kalipa (kile kibanio cha pedi) husogea na mafuta mengi hushuka kujaza nafasi. Lakini chungulia kwanza. Masta nyingi za zamani zina vali ndogo ndani ya tundu la dramu, inayobakiza presha kidogo ukiachia pedali. Ukiunga diski hapo, pedi haziachii, na kabla hujafika Mtoni zimeshaanza kunuka.

Ile vali ya kupunguza presha ya nyuma usiitupe. Bila hiyo magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza na gari huzunguka.

Kazi yenyewe iko kwenye mdomo wa paipu. Kata kwa kikatio cha paipu, si msumeno, kisha safisha ndani. Ingiza nati kabla ya kutanua mdomo. Wengi husahau, wakakata upya. Corolla inataka mdomo uliokunjwa mara mbili, digrii 45. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, kata. Wala usizungushe tepu ya uzi: kinachozuia mafuta ni mdomo kukaa kwenye kiti chake, na kipande cha tepu kikikatika huziba njia.

Jaza masta mafuta na kuitoa upepo ikiwa bado mezani, ndipo uende magurudumu: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Halafu kanyaga pedali, ishikilie dakika moja. Ikizama taratibu na hakuna tone popote nje, raba za ndani ya masta zimekwisha. Usiitoe gari barabarani.