Usilipe hiyo milioni na laki nane ya pampu! P0627 anza na waya

Acha. Usitume hela. Kama umeshatuma, mpigie fundi sasa hivi umwambie mtoto anaumwa, unaihitaji.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana Hilux yenye injini ya dizeli ya 2KD, inazima ghafla ikipita kwenye matuta, akisubiri kidogo inawaka. Mashine ya kupima gari inasoma kodi ya hitilafu P0627, fundi anataka milioni moja na laki nane abadilishe pampu ya nozeli. Anauliza kama bei ni halali, kama achukue mtumba au mpya, na kama anaweza kwenda nayo Iringa wiki ijayo.

Ndugu yangu, darasa hili mimi nimelilipia ada. Gari hiyohiyo, kodi hiyohiyo. Ilinizimikia Mkata, njia ya Segera, juu ya tuta, giza limeshaingia, mama mkwe yuko kiti cha mbele. Haikukohoa wala kumisi, ilizima kama redio. Dakika kumi baadaye nikapiga ufunguo, ikawaka kana kwamba hatujagombana. Hapo tu ningeshtuka, maana pampu iliyokufa haifufuki kwa kusikia mama mkwe anaguna. Lakini mimi nilikuwa na imani na mtu mwenye tableti.

Jamaa akachomeka mashine yake, akanigeuzia kioo: "Bosi, si unaona imeandika pampu?" Kweli imeandika pampu. Ila kinachosemwa pale ni saketi ya umeme inayoitawala hiyo pampu. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, imetuma umeme kwenye SCV, ile valvu ndogo yenye waya mbili iliyokaa kwenye pampu na kupima dizeli inayoingia kubanwa, na umeme haukwenda inavyotakiwa. Kwa hiyo watuhumiwa ni waya, soketi, koili ya SCV, na mwisho kabisa kontrolboksi yenyewe. Vyuma vya ndani ya pampu havimo. Pampu ikichoka vyuma, kodi ya kutegemea ni P0087, presha ndogo kwenye reli (bomba linalogawa dizeli kwenye nozeli), na gari inakuwa nzito mlimani. Haya sikuyajua. Yeye naye hakuyajua, alikuwa anasoma kioo kama mimi, tofauti ni kwamba yeye analipwa kwa kusoma.

Nikaenda Gerezani, pampu ya mtumba 1,400,000. Ufundi 250,000. Na hapa ndipo na wewe utaliwa: gari ilipona! Siku nne nzima namsifia jamaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kumbe wakati wanafungua pampu walilisogeza fungu la waya, nyuzi zikagusana. Siku ya tano, matuta ya Mbezi, kimya. Nikarudi, ananiambia pampu ile "haina bahati", tununue SCV mpya. Haina bahati! Kumbe na pampu nazo zinabeti. Laki tatu na nusu ikaenda. Gari bado. Tukapeleka kontrolboksi kwa mtu wa kuifungua, elfu themanini, akapuliza vumbi ambalo silioni mpaka leo.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Temeke, hana hata simu ya maana. Akapima ukinzani wa umeme wa SCV mpya: karibu omu 2. Nikampa ya zamani: omu 2 nayo, nzima. Nikakaa chini kwenye tairi. Akapima waya kwa mita ya umeme, ikalia pii. Nikamwambia, mzee, waya mzima huo. Akacheka tu. Mita nyingi zinalia pii hata kama njiani kuna ukinzani wa omu kumi, wakati SCV yenyewe ni omu 2!

Akachomoa soketi ya SCV, akachomoa na ya kontrolboksi kule nyuma ya kiboksi cha dashibodi, akachukua balbu ya indiketa, wati 21, akapitisha umeme wa betri, fyuzi ndogo ikiwa katikati, kwenye waya mmoja kwanza. Balbu ikawaka vizuri. Akahamia wa pili. Ikawa nyekundu kama kichwa cha sigara, akautikisa, ikazima. Balbu ile inakula karibu ampea 2, hapo waya mbovu hauna pa kujificha. Akapasua tepu: klipu ilishavunjika, waya umesuguliwa na kona ya breketi, shaba imekuwa kijani, zimebaki nyuzi mbili zimeoza. Kipande cha waya, risasi ya kulehemu, mpira wa kubana kwa moto. Elfu thelathini pamoja na soda yake.

Basi shika hili moja: hakuna kununua kifaa chochote mpaka waya wake umebebeshwa mzigo HUKU UNATIKISWA. Soketi zote mbili ziwe nje. Ukisahau ya kontrolboksi utaiunguza, na hiyo hela ya pampu utaiona ndogo. Na balbu usiipeleke kwenye sensa ya presha ya reli, ile ya waya tatu. Pale kuna volti 5, tumia mita. Fundi wako mwulize swali moja: "SCV yangu inasoma omu ngapi?" Akianza kukuonyesha kioo, chukua ufunguo wako uondoke, hata kama gari itazima getini kwake.

Kuhusu mtumba au mpya nimesahau nilitaka kusema nini. Pampu yangu ya kwanza iko stoo, nzima kabisa, bado inanuka dizeli, na mama watoto amepiga marufuku kuitaja mezani. Siiuzi.

Wewe leo jioni pasua tepu karibu na pampu, piga picha, weka hapa tuone.