Anti, majina hayatoki na mama ameshatangaza naenda Mlimani

"Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 19 niko Singida, nimemaliza form six mwaka huu kombi ya ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) nikapata Div One ya 6. Nataka kuwa mhasibu, niipate na CPA, ile ya wahasibu waliosajiliwa. Nimeomba BCom (digrii ya biashara) ya Uhasibu UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, hiyo ndo ndoto yangu, na Chuo Kikuu Mzumbe kule Morogoro nikajaza tu ili kaka aache kelele. Tatizo majina ya waliochaguliwa raundi ya kwanza hayatoki, silali, akaunti ya maombi naifungua mpaka usiku wa manane. Mama ameshatangaza kwenye kikoba kwamba naenda Mlimani, wenzake wanaulizia lini wanakuja kuniaga. Kwenye grupu la WhatsApp kuna kaka anasema ana mtu wake ndani, nitume laki moja jina lipande. Mkopo nitaomba nikishachaguliwa. Nikikosa UDSM sijui sura yangu nitaificha wapi. – Mwenye Presha"

Marahaba mwanangu. Na hongera, maana umeandika ka mtu aliyefeli vile, kumbe una Div One ya 6 kwenye ECA, hebu tulia kidogo ujipongeze.

Tuanze na huyo kaka wa laki moja kwa sababu huyo ndo wa haraka. Mtoe. Usibishane nae, usimuulize maswali, bloku. Vyuo vinachagua waombaji kwa sifa na nafasi zilizopo afu orodha zinapelekwa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kuhakikiwa ndo zinatangazwa, kwa hiyo huyo "mtu wa ndani" hata kama yupo basi anakula hela za watoto wa watu tu. Ujanja wao ni mwepesi sana, ukichaguliwa atasema ni yeye, ukikosa namba haipatikani, na kwa matokeo yako wewe uwezekano wa kuchaguliwa si mdogo, ndo maana anakufukuzia!

La pili nijibu moyoni mwako: fomu ya kuomba chuo ulijaza mwenyewe au ulijaziwa steshenari? Maana nyie watoto mnanishangaza, mtu analia majina hayatoki kumbe namba ya simu iliyoko kwenye akaunti yake ni ya yule kijana wa steshenari na paswedi anayo yeye. Ukichaguliwa na vyuo viwili lazima uthibitishe kimoja, na ile namba ya siri ya kuthibitishia inatumwa kwenye simu au imeili uliyojaza wakati wa kuomba, sasa ikienda kwa mtu ambaye ameshafunga duka kahamia Manyoni itakuwaje? Muda wa kuthibitisha unakuwa mfupi na ukipita umepita. Kesho asubuhi nenda, hakikisha namba ni yako na laini iko hewani, badilisha paswedi, ukimaliza hiyo toka kwenye akaunti uiache. Kuifungua saa nane usiku hakuna anayekuona huko, na majina yakitoka hilo grupu lenu litapiga kelele mpaka majirani waamke. Wenzako walioko JKT saa hizi wanakimbia mchakamchaka, simu yenyewe hawaishiki, na majina yao yatatoka siku hiyo hiyo na lako.

Mkopo sasa, hapa nimetaka kukupigia kabisa. Nani kakwambia unasubiri kuchaguliwa kwanza? Dirisha la Bodi ya Mikopo linaenda na tarehe zake, halikai kungoja majina ya vyuo, na lina mambo yake ya cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA (wale wa vizazi na vifo), saini ya serikali ya mtaa, mdhamini, muhuri wa wakili au mahakama, na mwenyekiti wa mtaa naye siku unayomtaka ndo kaenda msibani. Hiyo presha inayokunyima usingizi ihamishie huku, huku ndo kuna kazi ya kufanya na ina mwisho wake.

Haya, twende kwenye chenyewe. Una hofu ya kukosa na sitakudanganya, inawezekana. Kigezo cha chini ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4, na kwa hesabu hiyo ya vyuo, siyo ile ya divisheni, A ni 5, B ni 4, C ni 3, kwa hiyo wewe umekivuka mbali tu. Ila kigezo cha chini kinakupa ruhusa ya kupanga foleni, hakikupi kiti. BCom ya Mlimani wanaikimbilia watoto wa ECA, wa EGM, wa HGE, nchi nzima, na wenye Div One nzuri ni wengi kuliko nafasi. Ukikosa hapo haina maana hujui kitu, ina maana waliokuwa mbele yako walijaza viti. Kuna dirisha la pili, ila linakuwa la nafasi zilizobaki, na hizi programu zinazogombaniwa mara nyingi zinakuwa zimeshajaa.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikaona kitu. Umesema unataka kuwa mhasibu na unataka CPA. Sasa mitihani ya CPA inatungwa na NBAA, bodi ya wahasibu, na ni ile ile kwa aliyetoka UDSM, Mzumbe, IFM au Ushirika Moshi, siku ya mtihani mnakaa chumba kimoja. Hiyo Mzumbe uliyoijaza kwa dharau inafundisha uhasibu miaka na miaka. Kwa hiyo unachokitaka wewe huenda unacho tayari kwenye fomu, Mlimani ni ya mama na wenzake wa kikoba. Sisemi Mlimani si kitu, ina jina na ina mtandao wa watu, ningekuwa na nafasi mbili za uhasibu, moja huku moja kule, ningeenda Mlimani bila kufikiri. Ila kukosa Mlimani si kukosa uhasibu.

Mama umwambie leo, usisubiri majina. Mkiwa wawili jikoni, "Mama majina bado, nimeomba vyuo viwili, naweza kupangiwa chochote kati ya hivyo au nisipangiwe raundi hii, naomba kwenye kikoba uwaambie tunasubiri." Atanuna, mwache anune. Akina mama wa kikoba wana marejesho yao ya kuwaza, wiki mbili tu watakuwa na habari nyingine.

Na kuna jambo moja hujaniuliza ila nalijua linakuja. Inawezekana UDSM wakakuchagua lakini siyo Uhasibu, wakakupa BCom ya Masoko au ya Rasilimali Watu kama ulizijaza chini kule, na Mzumbe wakakupa uhasibu. Hapo nyumba nzima itakwambia thibitisha Mlimani. Mi nakwambia thibitisha uhasibu, panda basi la Morogoro, mama atakuja kukuona mkiwa mmeshapatana.